Mbuni huyu ni nani?
Hotuba kwa vijana wanaosomea kompyuta, Tanga

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazee mlioacha baraza zenu jioni hii mkaja kutusikiliza, na ninyi wadogo zangu mnaosomea kompyuta: asalaam aleikum, na hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ninazozifanya baada ya kazi. Mchana mimi ni mwajiriwa. Naandika programu zinazotumika kwenye maduka ya dawa: dawa gani imeingia, ipi imetoka, ipi inakaribia kuisha muda wake. Ni kazi ya halali, inalipa kodi ya nyumba na ada za watoto, na naifanya kwa moyo. Lakini mwenyekiti hakunialika kwa ajili yake. Ameniita kwa sababu ya ukurasa mmoja mdogo unaohesabu mizani ya mashairi. Nimeuandika usiku, mezani kwangu, kwa miaka mitatu, na haujaniingizia hata shilingi moja.

Nianze na mwenye nao.

Mjomba wangu ni mstaafu wa bandari. Anakaa Ngamiani, na tangu ujana wake anatunga mashairi. Zamani alikuwa anahesabu mizani kwa vidole, anakunja kimoja kimoja huku midomo ikicheza bila sauti. Sisi watoto tulijua kwamba mjomba akiwa hivyo hasemeshwi. Sasa baridi yabisi imemkamata mikono, vidole havikunjiki. Siku moja baada ya swala ya Alasiri nilimkuta kibarazani na punje za mahindi kwenye sinia, anasogeza punje moja kwa kila silabi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba.” Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo. “Hiyo simu yako inajua kuhesabu?”

“Inajua.”

“Basi ihesabu hili, mimi punje zinaniponyoka.”

Kwa wale ambao ushairi waliuacha darasani: shairi la tarbia lina mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo una mizani 16, nane katika ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane katika utao, nusu ya pili, na vina katikati na mwisho. Mizani moja ni silabi moja. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alizipanga sheria hizi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na mjomba anazishika kama nahodha anavyoshika dira. Mizani ikipungua moja, anasema shairi linachechemea.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta nikijua kazi ni ya nusu saa. Angalieni kwa nini. Silabi ya Kiswahili huishia kwenye irabu. Ba-ba, ku-o-a, sa-a, nya-nya, ng'o-mbe. Huhitaji kujua kwamba *ny* ni sauti moja wala kwamba *ng'* ni sauti moja. Hesabu irabu tu: a, e, i, o, u. Idadi ya irabu ndiyo idadi ya silabi. Ni mstari mmoja wa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za mtandao. Watu wanaoandika programu kama hii kwa Kiingereza wanateseka miaka mingi, maana kwao herufi na sauti hazielewani. Sisi lugha yetu imetupa zawadi. Nilijaribu maneno kumi, yote sawa. Nikajaribu la kumi na moja, *mtu*. Programu ikasema silabi moja.

Hapo ndipo nusu saa ilipogeuka miaka mitatu.

*Mtu* ni m-tu, silabi mbili. Ile m inasimama peke yake bila irabu na inahesabiwa. Vizuri, nikaweka kanuni: m ikifuatwa na konsonanti, ihesabu. *Mtoto*, m-to-to, sawa. *Mkono*, m-ko-no, sawa. *Mwalimu* ikatoka na silabi nne, nikaona w inataka msamaha wake. Kisha ikaja *mboga*, nayo ikahesabiwa m-bo-ga. Ulimi wa Mswahili hausemi hivyo. Tunasema mbo-ga, m na b zinatoka pamoja. Nikaongeza kanuni: m mbele ya b isihesabiwe. Nikalala.

Kesho yake, *mbwa*. Ni m-bwa, mbili. Kwa nini mbwa awe tofauti na mboga? Nilikaa na swali hili wiki nzima hadi nikakumbuka somo la mkazo. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likibaki na silabi moja tu, halina pa kuweka mkazo. Basi m inasimama kulisaidia. Ndivyo ilivyo kwa *mbu*, kwa *nchi*, kwa *nge*, kwa *nta*, kwa *nne*. Ndiyo maana *nge* ni n-ge lakini *ndege* ni nde-ge. Sitausahau usiku ule. Nilikuwa nimezungumza lugha hii tangu utotoni, nimeitukania, nimeiombea dua, na sikuwahi kujua kwamba inafanya hivyo. Kompyuta haikunifundisha. Ilinilazimisha kueleza ninachokijua, na katika kueleza nikagundua kwamba sikijui.

Nikampelekea mjomba. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: *mtu mbaya*. Programu ikasema nne. Akatikisa kichwa. “Tano,” akasema. “M-tu m-ba-ya.” Akaandika *nyumba mbaya*. Programu ikasema nne. “Hapo sawa. Nyu-mba mba-ya.”

Wadogo zangu, tazameni jambo hili kwa macho ya mtu wa programu. Neno ni hilohilo, herufi tano zilezile, kwa mpangilio uleule. Pamoja na *mtu* lina silabi tatu, pamoja na *nyumba* lina mbili. Ngeli ndiyo inayoamua. Kwa hiyo kuhesabu mizani, kazi niliyodhani ni ya kuhesabu irabu, kunataka programu ijue neno *mbaya* linasifu nini. Na *mv* ni vivyo hivyo: *mvua* ni mvu-a, *mvuvi* ni m-vu-vi. Mvuvi na mvua wanakutana baharini kila siku, wanaandikwa kwa mwanzo mmoja, na hawahesabiwi namna moja.

Nilianza kuorodhesha majina na ngeli zake. Nilikuwa nakopa kamusi, naandika hadi saa saba usiku. Mke wangu akiniuliza nafanya nini, namjibu natafuta ngeli ya mbuni.

Maana mbuni ndiye aliyenishinda. Yuko mbuni, yule ndege mkubwa, mbu-ni. Uko mbuni, mti wa kahawa, m-bu-ni. Na yuko mbuni, mtu anayebuni vitu, naye ni m-bu-ni. Mti unaweza kuujua kwa *huu* na *ule*. Lakini ndege na mtu wote wawili ni *huyu*. Mjomba alipoelewa tatizo langu alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona tangu mikono ianze kumsumbua. Siku mbili baadaye alinipigia simu akanisomea ubeti, kama vile mimi ndiye niliyeutunga:

Mjomba kanipa kazi, simu ijue mizani
Nimekesha tangu juzi, tarakilishi mezani
Irabu naona wazi, tatizo liko mwanzoni
Mbuni huyu ni nani, ndege au msanii?

Hesabuni mshororo wa mwisho. Akiwa ndege, ukwapi una mizani saba na shairi linachechemea. Akiwa mtu, una nane, shairi limesimama. Yaani mizani yenyewe ndiyo inayojibu swali. Mjomba alilifunga jibu ndani ya hesabu, akaniachia mimi na mashine yangu tulitafute.

Nilipousikia ubeti ule niliacha kuilazimisha programu ijue kila kitu. Nilibadili kazi yake. Sasa ikikuta neno lenye njia mbili, inalipigia mstari na kuonyesha hesabu zote mbili, 7 au 8, kisha mshairi anagusa anayoitaka. Hivyo hivyo kwa maneno yaliyotoka Kiarabu. Sarufi ya darasani inasema *labda* ina silabi funge, ile inayoishia kwenye konsonanti, lab-da, mbili. Mjomba anakata la-b-da, tatu, kwa sababu ulimi wake unasimama kidogo kwenye b. Mimi ni nani nimwamulie? Nimeweka kitufe, kila mtu anachagua mkato wake. Naona vifaa vingi tunavyoletewa kwenye simu vinaharakisha kuamua badala ya mwenye lugha, na ninaumia, kwa sababu kuuliza si kazi ngumu. Ni mistari michache tu ya programu.

Ukurasa wote una ukubwa wa kilobaiti arobaini na kitu. Ukishafunguka mara moja unafanya kazi bila intaneti, maana bando la mjomba huisha katikati ya mwezi na ushairi hauishi. Hauombi namba ya simu, hauombi jina, na shairi halitoki ndani ya simu yake kwenda popote. Hili la mwisho niliahidi kwa mdomo kibarazani, nikalitimiza kwenye programu.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni hapo, kwa adabu, kama kazi ya namna hii si kupoteza muda. Kijana wangu, sikukujibu vizuri pale, acha nikujibu hapa.

Sisi ni watu wa Tanga. Shaaban Robert ni wa kwetu. Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, akakaa huko hadi 1944, kisha akapita katika idara nyingine za serikali, ya mwisho ikiwa ofisi ya upimaji ardhi hapahapa Tanga. Hakuwa na cheo cha mwandishi, hakuna ofisi iliyomlipa mshahara wa kutunga. Yale tuliyosomeshwa shuleni yalitoka kwa mtu ambaye asubuhi alikuwa na zamu. Mimi nikisikia neno mradi wa pembeni, namfikiria yeye kwanza, kabla sijamfikiria mtu yeyote wa kompyuta.

Na wa kompyuta wapo. Guido van Rossum alianza kuandika Python, lugha ya programu, wakati wa likizo ya Krismasi mwaka 1989, akitafuta cha kumshughulisha ofisi ikiwa imefungwa. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21 alipotangaza Agosti 1991 kwamba anaandika mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama burudani tu, hautakuwa mkubwa. Simu zenu za Android zimekaa juu ya kiini cha mfumo huo. Na jirani zetu wa Kenya: Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiwaka, Ory Okolloh aliomba msaada wa watu wa teknolojia, na kwa siku chache yeye na Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakasimamisha tovuti ya kuweka ripoti za wananchi kwenye ramani. Wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Iliandikwa kwa haraka na watu waliokuwa na shughuli zao nyingine, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linatokea na hakuna aliyekuwa analiandika.

Siwatajii hawa ili mtamani umaarufu wao. Nawataja kwa sababu wote walianza na haja waliyoiona kwa macho, na haja ya mjomba wangu ni haja vilevile.

Ninazo kazi nyingine, nitazigusa. Ipo ya saa. Shangazi yangu anaishi Muscat, na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Huko simu yake imewekwa kwa saa za Kizungu, sisi tunahesabu kwa Kiswahili, na kila tukipanga kuzungumza saa mbili usiku mmoja wetu anakosea. Nikaandika kifaa kidogo kinachosoma saa ya mahali popote kwa maneno yetu: saa mbili na robo usiku, saa kumi na moja alfajiri. Kuondoa sita ni rahisi. Ugumu ulikuwa kwenye siku. Pwani siku yetu huanza jua linapozama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi. Nilijua, kila mtoto wa hapa anajua, lakini nilipoandika programu nilifuata kalenda ya mashine. Palikuwa na maulidi nyumbani kwetu usiku wa Ijumaa. Shangazi alitaka kusikiliza kwa simu. Kifaa changu kilimkumbusha kesho yake, watu wameshatawanyika, majamvi yamekunjwa. Hakunilaumu. Alisema tu, “Basi mtanisomea mwakani.” Nilirekebisha usiku huohuo, na sasa hesabu ya siku katika kifaa kile inaanza magharibi, si saa sita usiku.

Ipo pia ya kanga, na hii sijui niiite programu au mapenzi tu. Mama alituachia sanduku la kanga. Kila Jumapili natoa doti moja, naitandika uani penye mwanga mzuri, naipiga picha pindo, mji na jina, kisha naandika jina lile kwenye orodha inayotafutika. Andika *wema*, zitakuja kanga zote zenye neno wema. Nyingi ukingoni zina chapa ya Mali ya Abdulla, ile ya Mombasa. Na moja, ambayo ilikuwa ya bibi, ina jina kwa herufi za Kiarabu, nami sikujifunza kuzisoma kwa ufasaha. Nilimpelekea mzee mmoja wa madrasa akanisomea huku ameishika kwa mikono miwili. Jina lile sitalitaja hapa, ni la bibi na babu. Lakini liko kwenye orodha, na wajukuu wakilitafuta watalipata.

Mingine niliiacha njiani. Nilianza programu ya kupanga nauli za bodaboda, nikaiacha. Nilianza mchezo wa bao, nikafika nusu. Siioni aibu.

Mambo mawili ya vitendo, maana walimu wenu watanidai. Kwanza, someni mikataba yenu ya ajira. Ipo inayosema kila unachokiandika ni mali ya mwajiri, hata ulichokiandika usiku. Ongea naye mapema, pata jibu kwa maandishi, tumia kompyuta yako na saa zako. Pili, wekeni nakala. Mwaka wa kwanza wa mizani diski yangu ilikufa, na orodha ya ngeli niliyoiandika kwa miezi mitano ikaondoka nayo. Niliianza upya kwa herufi a. Tangu siku hiyo kila badiliko linahifadhiwa kwa Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi, na nakala inakaa mahali pawili. Fanyeni hivyo leo usiku, msingoje diski ife.

Na mtu akiwauliza inaingiza shilingi ngapi, mjibuni kweli: haiingizi. Halafu mwonyesheni aliyeitaka. Mimi naweza kuwaonyesha mzee wa Ngamiani ambaye ameweka punje zake za mahindi pembeni, sinia limerudi jikoni, na mwezi uliopita amemaliza shairi la beti 22 kwa kidole kimoja. Wapo watu mahodari sana katika makampuni makubwa ya dunia, na siwadharau. Lakini hakuna mkubwa wao atakayewatuma wakae wiki nzima juu ya m ya *mbwa*. Wakikaa, watakuwa wameambiwa na mtu. Mtu huyo kwa nini asiwe mmoja wenu, ambaye ulimi wake tayari unajua jibu?

Kazi haijaisha. Ninayo orodha ya maneno 31 ambayo mimi na mjomba hatujakubaliana, mengi ya *mb* na *mv*, na machache yenye *n*. Amesema Jumamosi hii tutayapitia yote, na kwamba nisije peke yangu, nije na masikio machanga, kwa sababu yake yameanza kuwa mazito. Nimemwambia nitawaambia. Nyumba yake iko Ngamiani, nitakusanya watu hapa getini saa tisa na nusu, tutembee kwa miguu. Ataanza baada ya Alasiri. Njooni na daftari, na kama nyumbani yupo mzee anayetunga, mwombeni ubeti mmoja mje nao.